Miezi mitano ugenini, na bado nachoka

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Shikamoo mshauri. Huu ni mwezi wa tano tangu tuhamie nchi nyingine kwa ajili ya kazi ya mume wangu: mimi, yeye na mwanetu wa miaka 11. Wiki za mwanzo nilifurahi sana. Sasa kila jambo dogo linanichosha: kununua dawa, kupanda basi, kupokea simu ya mtu nisiyemjua. Lugha ya hapa niliisoma kabla ya kuja, na mtihani nilifaulu, lakini juzi mfamasia aliniuliza jambo moja mara tatu nisilielewe. Nyuma yangu palikuwa na foleni, nikaitikia ndiyo, nikalipa, nikatoka. Siku hizi mwanangu ndiye mkalimani wangu. Jioni zangu zote zinaishia kwenye simu na dada zangu walioko nyumbani. Na kuna barua ya serikali imekaa juu ya kabati siku ya 11 leo, sijaifungua. Je, huu ni udhaifu wangu? Utaisha lini? Au nirudi nyumbani?"

Marahaba, dada yangu. Maswali uliyouliza ni matatu, lakini barua iliyo juu ya kabati naihesabu kuwa la nne, nami nitaifikia.

Nianze na udhaifu. Uchovu unaoueleza una chanzo kinachojulikana, na chanzo hicho hakimo katika tabia yako. Mwaka 1954 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, ambaye miaka ya nyuma alikuwa amefanya utafiti Ankole nchini Uganda, alitoa mhadhara mjini Rio de Janeiro kuhusu hali inayoitwa mshtuko wa kitamaduni. Hoja yake ilikuwa kwamba kinachomwelemea mhamiaji ni kupotewa na ishara ndogo ndogo zinazoongoza maisha ya kila siku: lini umpe mtu mkono, umwambie nini mnapokutana, mwaliko upi uukubali na upi uukatae, kauli ipi uichukulie kwa uzito na ipi uiache ipite. Ishara hizo tulizipata utotoni pamoja na lugha. Hatumkumbuki aliyetufundisha, na kwa kuwa hatukumbuki kujifunza, hatujui kuwa tunazo mpaka siku tunapofika mahali zisipofanya kazi.

Chukua basi ulilolitaja. Nyumbani ulipanda basi huku ukiwaza mambo mengine kabisa, na mwili ulijua wenyewe usimame wapi na ushike nini. Sasa, kabla hujaketi, umeshaamua uingie kwa mlango upi, ulipe kabla au baada ya safari, umsalimu dereva au upite kimya, tiketi uitunze au uitupe, kiti kile ni cha yeyote au kina wenyewe, na kengele ubonyeze wapi na lini. Hayo ni maamuzi sita katika muda usiozidi dakika mbili, na yote umeyafanya mbele ya macho ya watu unaodhani wanakutazama. Ukifika sokoni, unaanza upya. Mtu wa namna hiyo akirudi nyumbani saa saba mchana akajitupa kitandani, hajafanya uvivu. Amefanya kazi ya siku nzima ambayo hakuna aliyeiona, hata yeye mwenyewe.

Mimi mwenyewe, mara ya kwanza nilipohamia ugenini, nilikuwa nikishuka kituo kimoja kabla ya nyumbani kwangu kwa muda wa miezi miwili, nikimalizia kwa miguu hata mvua ikinyesha, kwa sababu tu siku ya kwanza nilishuka hapo kwa hofu ya kupitilizwa. Jirani aliponiuliza kwa nini nashuka mbali, nilikosa jibu. Kuuliza ningeweza. Lakini kituo kile kilikuwa kitu kimoja nilichokwisha kukijua katika mji mzima, na sikuwa na nguvu za kukijua kingine. Nakusimulia hili kwa sababu nadhani barua yako iko juu ya kabati kwa sababu hiyo hiyo.

Kama ni faraja yoyote kwako, udaktari nao ulilihesabu jambo hili kuwa maradhi kamili kwa muda mrefu. Mwaka 1688, katika tasnifu aliyoitoa mjini Basel, Johannes Hofer alibuni neno nostalgia kuyataja maradhi ya kutamani kwao yaliyowapata Waswisi waliokuwa mbali na makwao, na tiba aliyoiamini zaidi ilikuwa kumrudisha mgonjwa alikotoka. Sisi tumekuwa na tiba nyingine tangu wakati huo, ingawa nakiri kwamba ile ya Hofer ndiyo unayoniulizia katika swali lako la tatu.

Swali la lini lataka uangalifu, kwa sababu utakutana na watu watakaokuchorea mchoro wa herufi U na kukuambia uko bondeni, subiri utapanda. Mchoro huo una asili yake. Mwaka 1955 mwanasosholojia Sverre Lysgaard alichapisha uchunguzi wake juu ya Wanorwei 200 waliowahi kuishi Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, akaonyesha kwamba waliokaa chini ya miezi 6 na waliokaa zaidi ya miezi 18 walikuwa wamezoea vizuri kuliko waliokaa baina ya hapo. Ukitazama wiki zako za mwanzo zenye furaha na uchovu wako wa sasa, utasema mchoro huu umekuchora wewe. Lakini Lysgaard hakuwafuata watu wale wale mwezi baada ya mwezi. Aliwalinganisha watu tofauti waliokaa muda tofauti, tena baada ya wao kurudi kwao. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Colleen Ward na wenzake walipochapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa Kijapani tangu walipowasili New Zealand, walikuta kwamba taabu ilikuwa kubwa zaidi mwanzoni kabisa. Wapo wanaoshuka kisha wakapanda, wapo wanaoanzia chini, na wapo wanaopanda na kushuka kila mwezi. Kwa hiyo usikae ukingoja bonde lipite kama mtu aliyejibanza barazani akingoja mvua ikatike.

Kilicho cha msaada zaidi, kwa maoni yangu, ni tofauti ambayo Ward huyo huyo na wenzake waliisisitiza: kuna kuzoea kwa moyo, yaani namna unavyojisikia, na kuna kuzoea kwa stadi, yaani mambo unayoweza kuyafanya. Mawili haya huathiriana, lakini hayaendi kwa mwendo mmoja. Moyo utaamka mzito siku moja bila sababu yoyote unayoiona, hata mwaka wa tatu. Stadi huongezeka kwa kurudiwa, na zenyewe zinahesabika. Wateja wangu huwaomba wasiniambie kama wana furaha, maana jibu hubadilika na hali ya hewa. Huwaomba waandike kwenye daftari, kila mwisho wa wiki, mambo waliyoyafanya bila kwanza kuyapanga kichwani sentensi kwa sentensi. Wiki ya kwanza orodha huwa na mambo mawili, na moja ni kulala. Baada ya miezi kadhaa mtu huacha kuandika kwa sababu orodha imekuwa ndefu mno, na hapo huwa sina tena haja ya kumuuliza anaendeleaje.

Muda wenyewe unatofautiana sana, lakini umewahi kupimwa. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akijaribu kulifanya jambo moja dogo kila siku mpaka lifanyike bila kufikiriwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa siku za kati zilikuwa 66, huku kwa watu mbalimbali zikianzia 18 hadi 254. Jambo lililonifurahisha zaidi katika kazi hiyo ni kwamba kuikosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Angalia basi: hao walikuwa kwao, katika lugha yao, na jambo moja tu mikononi. Wewe una mambo mia kwa mpigo, na una miezi mitano. Hujachelewa.

Sasa la kufanya. Kosa ninaloliona mara nyingi kwa watu wenye bidii ni kutawanyika: leo duka hili, kesho lile lililo na bei nafuu kidogo, wiki hii darasa moja, wiki ijayo jingine, wakidhani kwamba mji unajulikana kwa kuzungukwa. Fanya kinyume. Punguza mji wako uwe mdogo kwa muda wa miezi mitatu. Chagua duka moja la mahitaji ya kila siku na uende siku zile zile, saa ile ile, na ikiwezekana upange foleni kwa mhudumu yule yule. Panda basi la saa ile ile. Kaa kwenye benchi moja. Sababu ya kwanza umeshaiona katika maamuzi sita ya basi: njia ikirudiwa, maamuzi hupungua, na nguvu zilizobaki unaweza kuzitumia kwa jambo jipya moja kwa siku. Moja tu.

Sababu ya pili ni watu. Anayekuona mara ya nane katika mahali pale pale, saa ile ile, ameshaanza kukufahamu hata kama hajawahi kukuuliza jina. Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn, wanasaikolojia waliofanya kazi pamoja nchini Kanada, walichapisha mwaka 2014 jaribio ambalo wateja wa duka la kahawa waligawanywa makundi mawili: wengine waliombwa wamalize shughuli yao upesi, wengine waliombwa watabasamu, wamtazame mhudumu usoni na wazungumze naye kidogo. Hawa wa pili walitoka na hisia nzuri zaidi na wakijiona kuwa ni sehemu ya watu wa pale. Sikuambii kwamba salamu ya dukani ni urafiki. Nakuambia kwamba mtu aliyehamia hupoteza kwa siku moja watu wote wa namna hiyo, yule wa kumpungia mkono, yule wa kumuuliza habari za mguu wake, na upotevu huo hauandikwi popote kwa sababu hakuna anayeaga muuza magazeti.

Hilo linanirudisha kwenye duka la dawa, ambako nataka tukae kidogo, maana tukio lako lile ni somo zima la lugha. Mtihani ulioufaulu ulipima jambo la kweli, lakini ulilipima ukiwa umeketi, karatasi mbele yako, na sauti iliyorekodiwa kwa utulivu. Dirishani watu humeza silabi, kioo kinazuia sauti, na mtu wa nyuma yako anakohoa. Mtafiti wa misamiati Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba ili kufuata maongezi ya Kiingereza bila msaada mtu anahitaji kati ya familia za maneno 6,000 na 7,000 (familia moja ni neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo), na lugha nyingine hazitakuwa za mteremko zaidi. Hiyo ni kazi ya miaka. Lakini dirishani hapana maongezi yote ya dunia. Mfamasia ana maswali machache sana: dawa ni ya nani na ana umri gani, je, anatumia dawa nyingine, je, ana mzio wowote, je, amewahi kuitumia hii, na je, utakubali dawa yenye kiambato kile kile kutoka kwa mtengenezaji mwingine kwa bei ndogo. Karibu hakika lile swali lililorudiwa mara tatu lilikuwa mojawapo ya hayo. Yaandike matano hayo kwa lugha ya huko, uyasikilize yakisemwa na mwenyeji, na utakapoingia mara nyingine utakuwa unachagua kati ya matano, si kati ya elfu. Posta ina yake, benki ina yake, mapokezi ya shule yana yake. Kila dirisha lina orodha fupi, na orodha hiyo inaweza kujifunzwa kwa jioni moja.

Kuna kauli nyingine za kujifunza kabla ya msamiati wowote mpya, nazo ni za kuokoa mazungumzo yanapozama. Ukisema "sielewi" peke yake, mtu atakurudishia sentensi ile ile kwa sauti kubwa zaidi, kama alivyofanya mfamasia wako, kwa sababu hajui umekwama wapi. Mwambie la kufanya: "Niambie kwa maneno mengine." "Niandikie hapa, tafadhali." Au, lililo bora kuliko yote, kisia kwa sauti: "Unauliza kama natumia dawa nyingine?" Ukikosea atakusahihisha, na akikusahihisha atakuwa amekupa neno ulilolikosa. Lakini "ndiyo" ya kukimbia foleni iache kabisa, hasa penye dawa. Na ile uliyokwisha kuinunua, kama bado una shaka na matumizi yake au kama kuna dawa nyingine unayotumia, usiimeze kwanza. Rudi nayo saa ambayo duka halina watu, au mpigie daktari aliyekuandikia.

Hapa ndipo anapoingia mwanao. Najua inavyorahisisha mambo, na kumtuma akuulizie bei au akusomee bango si dhambi. Lakini hospitali, benki, polisi na ofisi ya uhamiaji zisiwe mahali pake. Mtoto wa miaka 11 hana maneno ya maradhi ya mtu mzima katika lugha yoyote ile, hupunguza habari mbaya ili asimuumize mama yake, na akikosea mzigo wa kosa anabaki nao yeye. Katika nchi nyingi hospitali kubwa na mahakama zina wakalimani, mara nyingine kwa simu. Uliza unapopanga miadi, si unapofika. Zaidi ya hayo, usidanganywe na wepesi wa ulimi wake. Jim Cummins, aliyechunguza watoto wa wahamiaji nchini Kanada, alionyesha kwamba mtoto hufikia lugha ya mazungumzo ndani ya miaka miwili hivi, ilhali lugha ya vitabu vya shule humchukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzake. Mwanao anayecheka na wenzake uwanjani huenda bado anahangaika na aya moja ya sayansi bila kukuambia. Na lugha yenu ya nyumbani msiiache kwa kudhani mnamsaidia. Ndiyo lugha pekee ambayo wewe unaweza kumwelezea jambo zito kwa ukamilifu wake.

Kuhusu simu na dada zako, wapo watakaokushauri uikate ili uzoee haraka. Sikubaliani nao. Mwanasaikolojia John Berry, aliyeandika kwa miongo kadhaa juu ya watu wanaoishi kati ya tamaduni mbili, anaeleza njia nne: kushika ya kwenu huku ukijiunga na ya wenyeji, kuyaacha ya kwenu na kuyafuata ya wenyeji, kujifungia katika ya kwenu, au kukosa yote mawili. Kwa jumla wanaofuata njia ya kwanza ndio wanaoonekana kuwa na hali njema zaidi, na hilo haliwezekani ukimkata dada yako. Tatizo la simu yako liko kwenye saa. Jioni ndiyo wakati pekee ambao mumeo yupo, mwanao yupo, na jirani yuko mlangoni akiondoa viatu. Wakati huo wewe uko kwingine. Hamisha simu iwe asubuhi au mwisho wa wiki, mpe kila dada siku yake, na uwasimulie pia mambo madogo yasiyo na maana, kama vile mhudumu aliyekurudishia chenji ya ziada. Anayesimulia huzuni peke yake huishia kuitafuta mchana ili apate la kusema usiku.

Marafiki wa kweli watachukua muda, na muda huo nao umepimwa. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas aliwauliza watu wazima 355 waliohamia mahali papya katika miezi sita iliyotangulia, akakadiria, pamoja na uchunguzi wake wa pili juu ya wanafunzi, kwamba mtu unayefahamiana naye huwa rafiki wa kawaida baada ya saa 50 hivi za kuwa pamoja, rafiki hasa baada ya saa 90, na rafiki wa karibu baada ya saa zaidi ya 200. Tena saa za kuwa kazini pamoja hazikuwa na uzito ule ule. Piga hesabu mwenyewe. Ukikutana na mama wa mwenzake mwanao saa mbili kila wiki, saa 50 zitatimia baada ya wiki 25. Kumbe hujakataliwa na mtu yeyote. Hujamaliza saa tu. Ndiyo maana napendelea kitu chenye ratiba, kama kwaya, timu au darasa la ushonaji, kuliko mialiko ya hapa na pale, kwa kuwa ratiba huleta saa bila mtu kulazimika kuziomba.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na watu huichukulia methali hiyo kuwa ni ya kumfukuza mgeni kwa adabu. Mimi naisoma vingine: jembe ndilo linalomtoa mtu katika ugeni, kwa sababu aliyeshika jembe anahitajiwa. Mumeo alipewa jembe lake siku ya kwanza, yaani dawati, saa ya kufika na wenzake wa kumuuliza jambo, na ndiyo sababu huenda haoni unachokiona wewe. Mwambie wazi, usimwache akisie. Wewe hukupewa, hivyo itabidi ulitafute, iwe kamati ya wazazi, maktaba inayohitaji mtu wa kupanga vitabu, au mgeni aliyefika wiki iliyopita ambaye hajui hata hayo mambo mawili uliyoyaandika kwenye daftari. Kabla hujakubali, hata kazi ya kujitolea, soma masharti ya kibali chako cha ukaazi, maana baadhi ya nchi huibana kazi ya kujitolea kama inavyobanwa ya mshahara.

Jambo moja la tahadhari. Uchovu nilioueleza hupungua siku ambazo hukutoka nje, na hurudi ukitoka. Ukiona huzuni imekaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na hamu ya kula vimeharibika, na hata mambo uliyoyapenda hayakuvutii tena, hapo tumetoka kwenye ugeni na tumeingia kwenye maradhi yanayotibika, na daktari ndiye wa kumwendea. Yakija mawazo ya kutotaka kuishi, nenda siku hiyo hiyo, na umwambie mumeo kabla hujatoka.

Turudi basi nyumbani? Sitakujibu ndiyo wala hapana, ila nitakuomba usiliamue jambo hilo jioni ya siku ya duka la dawa. Weka tarehe. Mimi hupendekeza mwezi wa 13, kwa sababu kufikia hapo kila jambo la mwaka litakuwa limekupitia mara moja: kila majira, muhula wote wa shule, kodi ya mapato, kuongeza muda wa kibali. Mara ya pili ya kila kimojawapo huwa nyepesi kiasi cha kushangaza, na si haki kuihukumu nchi, wala kujihukumu, kwa mara za kwanza peke yake. Kabla ya tarehe hiyo, jua gharama ya kwenda na kurudi: vibali vingi vya ukaazi hupotea mwenye navyo akikaa nje muda mrefu, na mpangilio wa shule ya mtoto hauvumilii kukatwa katikati. Ujue pia kwamba kurudi kuna ugeni wake. John na Jeanne Gullahorn waliandika mwaka 1963 kwamba anayerudi kwao hupitia tena marekebisho yale yale, na tofauti ni kwamba safari hii hakuna anayemhurumia. Ikifika tarehe na bado unataka kurudi, utakuwa umeamua, na kurudi kwa uamuzi si kushindwa.

Ile barua ifungue kesho asubuhi, mwanao akiwa shuleni, kabla ya jambo jingine lolote. Usiisome yote. Tafuta vitu vitatu: tarehe ya mwisho, ambayo kwa kawaida imeandikwa kwa wino mzito au ndani ya kisanduku, namba ya kumbukumbu, na kitenzi, yaani wanataka ulipe, ujibu, ufike, au wanakuarifu tu. Barua nyingi za aina hii ni za kuarifu, kama vile namba ya mlipakodi au kadi ya bima, na huenda umeogopa kitu ambacho kingekusaidia. Lakini nyingine zina muda, na katika nchi nyingi muda huhesabiwa tangu barua ilipotumwa au ilipochukuliwa kuwa imekufikia. Siku ulipoifungua haina uzito wowote. Leseni ya udereva ya kigeni ni mfano mzuri: mara nyingi hukubalika kwa miezi michache tu baada ya kuwa mkaazi, na hati ya kimataifa ya udereva haikuokoi, maana yenyewe hutolewa kule ilikotolewa leseni na haifanyi kazi bila leseni hiyo. Kama tarehe imepita, andika siku hiyo hiyo kwa sentensi tatu: umeipata, umechelewa kwa kuwa ulikuwa bado hujaielewa lugha, unaomba muda hadi tarehe fulani uitaje. Karani aliyeandikiwa na mtu aliyechelewa ana la kufanya. Aliyenyamaziwa ana utaratibu wa adhabu tu. Ukishatuma jibu, barua isirudi juu ya kabati. Itoboe uitie kwenye faili pamoja na nakala ya jibu lako, na bahasha usiitupe, kwa sababu muhuri wa posta uko juu yake.